Kapteni Jack Hajafika Kigwa

Shikamoo Mzee.

Nina miaka 27, naishi Kigwa, wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuweka nyimbo kwenye memori kadi; umeme wangu ni wa sola. Usiku naandika. Nimemaliza riwaya ya kisayansi, kaunta buku nne, jina lake Vita vya Mirihi. Shujaa ni Kapteni Jack Anderson wa New York. Nilimlipa binti wa steshenari mjini Tabora akanitaipia, nikautuma muswada kwa mchapishaji Dar es Salaam. Huu ni mwezi wa kumi na nne, kimya. Mchapaji mmoja ameniambia nikimletea hela, ambayo kwa hapa kwetu ni bei ya ng'ombe watano, atanitolea nakala 500. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa zamani alisoma kidogo akasema mambo ya roketi si fasihi yetu. Rafiki yangu anasema niandike Kiingereza ndiko kwenye soko. Baba anasema hata Kiingereza niache, nirudi kwenye tumbaku. Pia naogopa kutuma kwa wengine, wataniibia wazo. Nimekuwekea kurasa thelathini. Niache au niendelee?

Mwana wa Mwezi, Kigwa

Marahaba, mwanangu.

Kurasa thelathini nimezisoma zote, nyingine mara mbili, na nitakuambia nilichokiona kabla sijagusa habari za wachapishaji, kwa sababu hicho ndicho kinachoniumiza zaidi. Ukurasa wa tisa Kapteni Jack anaingia mgahawani New York, anaagiza chakula, anakula, anaondoka. Hatujui amekula nini wala amelipa kiasi gani. Hajanung'unikia bei, na mhudumu hana sura. Lakini kwenye barua yako, katika mistari michache tu, nimekutana na binti wa steshenari, ng'ombe watano, baba na tumbaku yake. Barua imeandikwa na mwandishi. Riwaya imeandikwa na mtu aliyeangalia filamu nyingi zilizotafsiriwa na ma-DJ.

Usikasirike. Jambo hili lina historia, na historia yenyewe imepita juu ya paa la nyumba yenu.

Mwaka 1863 kijana mmoja Mfaransa, wakala wa soko la hisa Paris, mwenye umri wa miaka 34, alitoa riwaya yake ya kwanza. Jina lake Jules Verne. Leo watu wengi wakimtaja baba wa hadithi za kisayansi humtaja yeye, kabla hata ya Mwingereza H. G. Wells. Riwaya ile inahusu wasafiri watatu kutoka Uingereza wanaopanda puto kubwa la gesi hapo Unguja, Aprili 1862, na kuvuka bara letu kwa wiki tano wakiwa hewani. Nadhani unaotea puto linaelekea wapi. Linafuata njia ya misafara. Linapita Uzaramo, linapita milima ya Usagara, na mahali pa kwanza penye mkasa wa maana, ambapo nanga inashuka na wasafiri wanakutana na umati wa watu, ni Kazeh. Kazeh ndiyo Tabora. Kutoka kwenu Kigwa ni mwendo wa siku mbili tatu kwa mpagazi mwenye mzigo, na wewe kwa bodaboda unakwenda na kurudi siku moja.

Verne hakuwahi kufika. Alisoma kitabu cha msafiri Richard Burton, aliyepita Rubuga, Kigwa na Hanga mwezi Novemba 1857 akielekea Kazeh, akachukua majina ya vituo, milima na makabila. Alipoona kwamba Unyamwezi inahusishwa na mwezi, akafurahi kama mtoto aliyeokota shilingi. Katika hadithi yake watu wa Kazeh wanaliona puto, wanaamini mwezi wenyewe umeshuka kuwatembelea. Mmoja wa wasafiri, Daktari Fergusson, anapelekwa kumtibu sultani mlevi anayekata roho. Mambo yanakwenda vizuri mpaka jioni, ambapo mwezi wa kweli unachomoza. Miezi miwili! Watu wanashtuka kwamba wamedanganywa, wageni wanakimbilia puto, na mganga mmoja aliyeikamata nanga ili kulizuia puto anapaishwa nalo, ananing'inia angani, mpaka baadaye puto linaposhuka karibu na ardhi naye anaruka na kukimbia.

Ni sura ya kuchekesha, na ni ya matusi. Watu wetu mle wamefanywa watoto, na pengine chini ya watoto. Kazeh ya kweli, ile aliyoikuta Burton, ilikuwa mji wa biashara wenye wenyeji Wanyamwezi na wafanyabiashara kutoka pwani na Omani. Mwenyeji wake Burton, Snay bin Amir, alikuwa mtu wa kusoma, aliyemsaidia kujifunza lugha za huku. Huo ulikuwa mji uliozoea wageni, uliojua bunduki, kitambaa cha merikani na tofauti ya shanga nzuri na mbaya. Wangeliona puto wangeshangaa, kama watu wa Paris walivyoshangaa, kisha wangeuliza linauzwaje. Au wangelitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kama kila msafara ulivyotozwa.

Nakusimulia haya yote kwa sababu fani unayoitaka ilianza safari yake kwa kujifanya iko kwenu. Mfaransa aliyeketi Paris alihitaji anga ya Unyamwezi ili hadithi yake ipae. Wewe uliyelala chini ya anga hiyohiyo tangu kuzaliwa umekwenda kuazima ya New York. Verne angalau alisoma kitabu kizima cha mtu aliyefika Kazeh kabla ya kuizulia uongo. Wewe umesoma nini kuhusu New York?

Jambo la pili ni sayansi yenyewe. Mwalimu wako anasema si fasihi yetu, nami sitaki kumvunjia heshima, ila naona amesahau rafu ya vitabu vyake mwenyewe. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, nchi iliyo angani, inayotuma wajumbe pande zote, mmoja wao mpaka mbinguni. Ilichapishwa mwaka 1951. Haina mashine, kweli, ila kijana aliyeisoma hawezi kusema Kiswahili hakijawahi kuondoka ardhini. Katama Mkangi wa Kenya, aliyewekwa kizuizini na serikali ya nchi yake mwaka 1986, alitoa Walenisi mwaka 1995. Shujaa wake Dzombo anahukumiwa kifo, na hukumu yenyewe ni kufungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani apotelee huko. Hafi. Anatua kwenye sayari ya watu wanaoishi kwa usawa. Tamka jina la sayari hiyo polepole: wale ni sisi. Kitabu hicho kitafute kabla hujaandika ukurasa mwingine, hata kama ni kwa kuazima. Soma pia riwaya za Kezilahabi, Nagona na Mzingile; utakasirika na hutaelewa nusu yake, ni sawa, mimi pia.

Halafu kuna mambo yaliyotokea kweli ambayo hakuna aliyeyafanya riwaya, na hapa ndipo ninapowalaumu wenzangu wa umri wangu. Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn alizunguka dunia mara tatu katika chombo kidogo, na miongoni mwa vituo vilivyokuwa vikiwasiliana naye njiani kimoja kilikuwa Tunguu, Unguja. Mapinduzi yalipokuja mwaka 1964, kituo kikafungwa na kuondolewa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kwa hiyo wakaiita Uhuru. Kwa macho ya Uhuru wanasayansi walianza kuamini kwamba yale mashimo meusi yaliyokuwa kwenye hesabu tu yapo kweli. Neno la Kiswahili lilizunguka dunia likitazama vitu ambavyo jicho la mtu halivioni, huku wavuvi wa Ngomeni wakitandaza nyavu zao pembeni. Iko wapi riwaya ya mvuvi huyo?

Usiniambie sayansi iko mbali. Iko mbali na waandishi tu.

Nirudi kwenye kurasa zako. Ukurasa wa ishirini na mbili Kapteni Jack yuko Mirihi, anapiga simu kwa mama yake New York, mama anajibu papo hapo, wanalia pamoja. Hapo nimekukamata. Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, na hata kwa kasi hiyo sauti kutoka Mirihi kufika duniani huchukua kama dakika 3 sayari zikiwa karibu, na kama dakika 22 zikiwa mbali. Jack akisema "Mama," anaweza kungoja zaidi ya nusu saa kabla hajasikia "Abee, mwanangu." Umeona ulichokipoteza? Ulikuwa na mtu anayesubiri nusu saa kujua kama mama yake yu hai, ukamtupa ili wapate kulia haraka. Ukiifuata kanuni hiyo ya maumbile, hadithi unayo. Ukiivunja, unabaki na mchezo wa redio wenye kofia za anga.

Verne alilijua hilo. Tatizo la maputo ya wakati wake lilikuwa kushuka na kupanda: ili upande unatupa mchanga, ili ushuke unaachia gesi, na baada ya siku chache umeishiwa vyote. Akabuni chombo kinachopasha gesi moto ndani ya puto ipanuke, na kuipoza ili isinyae, bila kupoteza chochote. Moto wenyewe aliupata kwa kutumia betri kuyavunja maji yawe hidrojeni na oksijeni. Wenye ujuzi watakuambia moto karibu na puto la hidrojeni ni kaburi la watu watatu, na ni kweli. Lakini alilipa jambo moja la uongo kwa kurasa nyingi za ukweli, na msomaji akapanda naye.

Betri, mwanangu. Kitu unachoshinda nacho kutwa. Katika kurasa thelathini hakuna betri hata moja inayoisha. Hivi unajua ni waandishi wangapi wa hadithi za anga wasiojua kwa mikono yao kinachotokea mawingu yakikaa siku nne mfululizo mwezi wa Januari, paneli hazileti kitu, betri ya volti 12 imekwisha, na simu za watu thelathini ziko mezani, kila mwenye simu ana sababu yake ya kuitaka leo? Yupo anayengoja ujumbe wa hospitali, na yupo anayengoja hela ya tumbaku. Hicho ni chombo cha anga kilichokwama, kina nahodha, abiria na uhaba wa nishati, na kiko Kigwa. Huhitaji hata kukirusha.

Tena mnayo njia ya kale. Msafara ulikuwa na kirangozi aliyetangulia na ngoma na bendera, wapagazi wenye mzigo wa pembe au wa nguo, vituo vya kupumzika, hongo kwa kila mtemi, na kitu kimoja ambacho wanaoandika safari za nyota wanakihangaikia sana: miezi mingi bila habari za nyumbani. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mkazi wa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na yakachapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu, na mle ndani hajutii lolote, kwa hiyo msome ukiwa na macho. Wakati huohuo Mngazija mmoja, Selim bin Abakari, aliandika kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Hebu fikiria mtu wa visiwa vya joto akijaribu kuwaeleza wenzake barafu ya Siberia. Ana maneno yaleyale tuliyonayo sisi, na kitu kilicho mbele yake hakina jina. Ukitaka kujifunza namna ya kueleza sayari ngeni, anza na huyo.

Na maneno, kwa kuwa najua utaniuliza. Sayari zilishapewa majina na watu wa pwani zamani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali. Wakulima wana Kilimia, lile kundi la nyota linaloitwa kwa jina la kulima. Kinachoanguka kutoka juu tuna neno kimondo, na kimoja kikubwa kimelala Mbozi unaweza kukigusa. Palipo na neno, litumie. Pasipo na neno, sema kitu kinafanya nini, msomaji atakiona. Ila usinifanyie ule mchezo wa kumjaza msomaji tarakilishi na rununu wakati mtaani kwenu watu wanasema kompyuta na simu. Jack wako, ukurasa wa kumi na sita, "anabofya kitufe cha ngamizi." Ngamizi! Nilisimama nikaenda kunywa maji.

Hilo la Kiingereza basi linajijibu lenyewe, ingawa nitakuwa mkweli: rafiki yako hakosei kuhusu soko. Kuna majarida ya Kiafrika ya Kiingereza yanayopokea hadithi fupi za aina hii, Omenana ni mojawapo, lilianza mwaka 2014. Mganda Dilman Dila amejenga jina kwa njia hizo. Na filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya kuhusu dunia iliyokauka, Pumzi, ya mwaka 2009, ina jina la Kiswahili na mazungumzo ya Kiingereza. Abdulrazak Gurnah mwenyewe, aliyepata Nobel mwaka 2021, huandika Kiingereza, na riwaya yake inayotembea njia ya misafara tumeipata kwa Kiswahili, Peponi, mwaka 2022, karibu miaka thelathini baada ya ile ya Kiingereza. Lakini Kiingereza chako, kwa mistari uliyomwekea Jack mdomoni, ni cha filamu. Kitakuchukua miaka kumi kukifanya kiseme "betri imekwisha" kwa namna saba. Kiswahili chako kinaweza usiku wa leo.

Sasa uchapishaji. Hapa nitakwenda haraka kidogo maana mengi ni ya kawaida, isipokuwa moja.

Hilo moja ni hili: mchapaji si mchapishaji. Umeyaandika maneno yote mawili katika barua yako na umeyatenganisha vizuri, lakini sidhani kama mfukoni umeyatenganisha. Mchapaji ana mashine, anauza wino na karatasi. Ukimpa bei ya ng'ombe watano atakupa marobota ya vitabu na kazi yake imekwisha. Hajali kama kuna ngamizi ukurasa wa kumi na sita. Mchapishaji anaweka fedha zake, mhariri wake, msambazaji wake, naye ndiye anayekulipa wewe mrabaha kwa kila nakala inayouzwa, aghalabu kama sehemu moja ya kumi ya bei. Anayejiita mchapishaji huku akikuomba hela, muulize tena jina la kazi yake. Sisemi kujichapishia ni haramu. Ben Mtobwa, mtu wa Kigoma huko mbele yenu kwenye reli, alianzisha kampuni yake ya Heko akatoa vitabu vyake, na wasomaji aliokuwa nao wakamfuata. Eric Shigongo alijenga wasomaji kwa hadithi za mfululizo kwenye magazeti yake. Wote wawili walitangulia kupata wasomaji. Wewe utakuwa na nakala 500 chini ya kitanda, na mchwa wa Uyui nawafahamu.

Kimya cha miezi kumi na minne ni kibaya lakini si hukumu. Wachapishaji wetu wamezoea kuishi kwa shule, na tangu vitabu vya kiada vilipohamia Taasisi ya Elimu Tanzania, wengi wao wanahesabu kila senti kabla ya kuigusa riwaya ya mtu asiyejulikana. Muswada wangu wa kwanza ulikaa kwa mchapishaji mmoja, simtaji, miaka miwili na nusu. Nilipokwenda kuudai walinipa bahasha yenye jina langu, ndani mkiwa na muswada wa mtu mwingine kuhusu ufugaji wa kuku wa mayai. Niliusoma wote kwenye basi. Ulikuwa mzuri kuliko wangu. Andika barua fupi ya heshima, uliza kama wameusoma, wape mwezi mmoja, kisha waarifu kwamba unautoa kwao.

Hata Verne alikataliwa. Baada ya puto kufanikiwa alimpelekea mchapishaji wake, Hetzel, riwaya ya Paris ya mwaka 1960, yenye magari na mashine za kutuma maandishi. Hetzel akaikataa, akamwambia hakuna atakayeuamini utabiri huo. Muswada ukafungiwa, ukaonekana tena mwaka 1989, ukachapishwa 1994. Wengi husimulia kisa hiki kumcheka Hetzel. Mimi nimekisoma kitabu na nadhani Hetzel alikuwa na haki: ni mashine nyingi na kijana mmoja anayelalamika. Ana undugu na Jack.

Wazo lako halitaibiwa, mwanangu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 hailindi wazo, inalinda maandishi, na inayalinda tangu unapoyaandika. Ukitaka kulala usingizi, sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, na utunze kaunta buku zako. Vita vya Mirihi vimeandikwa na watu wengi. Ukiandika kibanda cha Kigwa, mwizi atalazimika kwanza kuja kuishi huko.

Zipo tuzo mbili za kuzifuatilia. Ya kwanza ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023. Kazi zinazoshinda huchapishwa na kupelekwa shuleni. Ya pili ni ile ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell mwaka 2014 na sasa inaitwa Safal, inayopokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti neno kwa neno, maana miswada mingi hutupwa kwa sababu ya idadi ya kurasa tu. Na usipeleke riwaya kwanza. Andika hadithi fupi tatu.

Wapi utazijaribu? Simu huchukua saa mbili tatu kujaa. Watu wanakaa kwenye benchi lako wanangoja. Wasomee. Angalia ni wapi mtu anatoa macho barabarani, na ni wapi mwenye simu iliyokwisha kujaa bado hajaondoka. Mhariri wa Dar es Salaam hawezi kukupa hicho. Na kuazima peke yake si kosa: M. S. Abdulla alipomleta Bwana Msa, katika hadithi iliyoshinda shindano la mwaka 1957/58 na kutoka kitabu mwaka 1960, alikuwa ameazima mpelelezi wa Kiingereza, kiko na rafiki wa kumsimulia vikiwemo. Lakini Msa akaketi barazani Unguja, akazungumza kama watu wa barazani wanavyozungumza, na watu wakasahau ameazimwa wapi.

Kuhusu baba. Usifunge kibanda, na msimu wa tumbaku ukifika msaidie. Verne hakuacha soko la hisa mpaka puto lilipouzwa. Na jioni mkikaa, mwulize mzee walipitaje wapagazi, babu yake aliitaje nyota hii na ile, mvua zilijulikanaje kabla ya redio. Usimwambie ni kwa ajili ya kitabu. Atajua mwenyewe.

Kazi yangu kwako ni hii. Mweke Jack likizo. Mkumbuke yule mganga wa Kazeh aliyeikamata nanga akapaishwa. Verne amempa nafasi ndogo, akamwacha aruke chini na kumsahau, kwa kuwa hadithi ilikuwa ya wenye puto. Kwa hesabu ya kitabu kile huyo ndiye mtu wa kwanza wa Unyamwezi kuiona nchi yake kutoka angani, na hakuna aliyemuuliza aliona nini. Niandikie kurasa kumi kutoka kwenye kamba ile, kwa Kiswahili cha kibandani, na unitumie kabla ya mvua. Mwezi umechomoza, mikono inamuuma, upepo unamsukuma, anageuza shingo upande wa mashariki ambako njia ya misafara inatokea, na kule mbali anaona moshi wa Kigwa. Nataka kujua ni tembe ya nani anayoitambua kwanza.